Ndoo ya Mtindi Kwenda Istanbul

Basi lilikuwa limekwisha kuipita Erzurum Besna alipogundua kwamba ndoo ya mtindi inavuja. Alikuwa ameibana katikati ya miguu yake, mfuniko umefungwa kwa kamba ya manila, na bado mstari mweupe ulikuwa unatambaa sakafuni kuelekea kwa dereva kila basi lilipofunga breki, kisha unarudi nyuma likianza kupanda mlima.

Utingo, mwanamume mwenye tai na chupa ya marashi ya ndimu mkononi, alisimama akautazama mstari ule.

"Dada, hiki nini?"

"Mtindi."

"Istanbul imeishiwa mtindi?"

"Wa kule wa kiwandani. Huu wa kondoo."

"Basi kondoo wako wamekojoa kwenye basi langu." Lakini alileta gazeti akafuta, akammiminia marashi viganjani kama alivyowamiminia wengine, akaenda zake.

Mama mmoja wa makamo, jirani yake kitini, alikuwa anatafuna mbegu za alizeti tangu walipoondoka. Akaitazama ndoo.

"Wa mumeo?"

"Wa mume wangu."

"Anapuliza suruali?"

"Anapuliza suruali."

"Ameshafunguka?"

"Kwa simu anasema bado."

"Kwa simu wote husema bado." Mama akatema ganda kiganjani. "Mkwe wangu amefunguka mpaka huku," akajigusa chini ya titi. "Mwambie wako asilale kifudifudi. Na mtoto asimrukie kifuani akirudi. Jirani yetu alirukiwa na mwanawe, akaingia ufa."

Besna alisema atamwambia. Akaibana ndoo kwa magoti.

Kule kwao, katika vijiji vilivyo juu ya Karliova, jambo hili halikuwa siri. Theluji hulala juu kule mpaka kondoo husahau majani yana rangi gani, na mwanamume asiye na mifugo ya kumtosha huenda Istanbul. Na Istanbul, miaka ile, kazi iliyompokea mtu bila kumuuliza amesoma wapi ilikuwa kupuliza suruali. Jinzi huletwa mpya, nzito, buluu iliyokolea. Lakini watu wanaozinunua huko mbali hawataki jinzi mpya. Wanataka mpya iliyochakaa. Kwa hiyo unaingia chumba kilichozibwa, unashika bomba la kompresa, unaipuliza suruali kwa mchanga wa bahari mapajani na magotini mpaka rangi ichujuke kama imevaliwa na baba na babu. Mchanga mwingine huingia kwenye suruali. Mwingine humwingia anayepuliza.

Na mchanga ukikaa sana penye joto huwa kioo. Karibu na mtulinga hutokea doa linalopitisha mwanga. Doa hukua likawa kama kitufe cha shati, kitufe kikawa kisahani cha chai, na mwisho kifua chote huwa dirisha, unaona ndani kila kitu: moyo ukifanya kazi yake, na huku na huku mapafu, yamejaa mchanga kutoka chini kwenda juu kama magunia. Wa kwanza kurudi hivyo alikuwa Remo, mwana wa msaga unga. Alirudi wakati wa Idi ya kuchinja, na watu walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyerudi na jino la dhahabu. Mchanga ulipomfika mitulingani akafa. Wakaja wengine baada yake, na hakuna tena aliyekumbuka dhahabu. Watu waliogopa. Waliogopa huku wakifunga mabegi yao na kwenda.

Kinga ilikuwa mtindi. Hilo hata mtoto analijua: mtindi hushusha vumbi. Mchomeleaji hunywa mtindi, fundi rangi hunywa mtindi, na tajiri anayewajali watu wake huwapa kila mmoja bakuli lake adhuhuri. Besna aliliamini hilo kama mama yake alivyoliamini. Sasa kama wanaume walikuwa wanakula mtindi na bado wanafunguka, kasoro ilikuwa kwenye mtindi wenyewe. Wa mjini ni unga na maji. Yeye alikuwa na kondoo kumi na mmoja na mkono wa kugandisha uliosifiwa hata na mama mkwe wake, mwanamke asiyesifu kitu.

Lakini kilichomtoa nyumbani katikati ya majira ya kukama ni simu. Kwao chai haikorogwi. Kipande cha sukari hushikwa kwa meno, chai ikapitia hapo, na kijiko hakina kazi. Mirza, mumewe, alikuwa anamwulizia mtoto, mara akakohoa, na Besna akasikia *ting*, kijiko kinagonga bilauri.

"Siku hizi umekuwa mtu wa mjini," alimtania. "Unakoroga chai."

"Chai gani? Niko barabarani, sijanywa chai."

Kisha akakohoa tena. *Ting.*

Ndiyo maana basi liliposimama kwenye hoteli ya njiani, abiria wakaagiza chai na vijiko vyote vikaanza kugonga kwa pamoja, Besna alishika ndoo yake akatoka nje. Alisimama kwenye baridi, pua imejificha ndani ya shungi, mpaka dereva alipopiga honi.

*

Karakana ilikuwa chini ya jengo la ghorofa, nyuma ya duka la mikate. Madirisha yake yalikuwa usawa wa barabara, yamezibwa kwa nailoni na utepe wa gundi. Alibisha mlango wa chuma. Aliyefungua alikuwa Fesih, binamu yake Mirza, aliyecheza ngoma kwenye harusi yao mpaka kiatu kikachanika. Alikuwa mweupe wa vumbi hadi kope, na amevaa fulana nyeusi.

"Shemeji! Mgeni njoo mwenyeji apone. Umeleta nini?"

"Mtindi wa kondoo."

"Basi leo tunapona kweli." Akachungulia nyuma yake, akashusha sauti. "Usishtuke na hizi fulana. Ni za Bwana Hikmet. Alikuja mnunuzi kutoka nje, akasema tunamchanganya, haoni vizuri rangi ya suruali kwa sababu ya mioyo yetu. Basi tajiri akatununulia mapazia."

Akaipandisha fulana. Kifua chake chote kilikuwa kioo, safi, bila hata kiputo. Mchanga ulikuwa umepita nusu.

"Karibu dukani," akasema Fesih. "Mapafu yameshachukuliwa. Moyo bado, tunaweza kuelewana bei."

Besna akaingia na ndoo yake.

Ndani wanaume walikuwa wamezima kompresa kwa chakula cha mchana. Walikaa juu ya marobota ya jinzi, barakoa za karatasi zimening'inia shingoni, barakoa zilizofuliwa na kuanikwa mpaka zikawa laini kama leso. Mirza aliinuka kwenye pembe. Alikuwa amekonda. Mbele ya watu hawakukumbatiana, lakini aliishika ndoo pamoja naye, mkono wake juu ya wa mkewe, na hapo akakohoa.

*Ting.*

"Fungua shati," alisema Besna.

"Besna, watu wanatazama."

"Fungua."

Chini ya mtulinga wa kushoto alikuwa amebandika plasta. Besna aliibandua. Palikuwa na kitufe cha kioo, na nyuma ya kioo, kitu chekundu kikipanda na kushuka, na chini yake chembe chache zinazometameta. Alikirudisha kile kiplasta, akakikandamiza kwa kidole gumba, tena na tena, kama mtu anayeziba ndoo inayovuja.

"Ni kadogo," Mirza alisema. "Naogopa usiku tu. Mchana kuna kelele, siogopi."

"Mleteeni kijiko," Fesih alisema. "Dawa ndiyo hiyo imefika, mnalia nini?"

Na kwa kuwa kidirisha cha Mirza kilikuwa kidogo mno, wakakubaliana waujaribu kwa Fesih. Alikaa chini ya taa, fulana imefika shingoni. Wote wakasogea. Besna mwenyewe ndiye aliyemlisha, kijiko kimejaa, mtindi mzito wenye utando wa mafuta juu.

Wakauona ukishuka. Ulipita kooni, mweupe, taratibu, ukafuata njia yake ya nyuma, ukapita katikati ya yale magunia mawili ya mchanga bila kugusa hata moja, kama mtu anayepita kati ya nyumba za ndugu aliogombana nao. Kisha ukaingia chini kusikoonekana. Mchanga ulikuwa palepale.



"Wa kondoo mzito," alisema mmoja. "Una njia ndefu. Ongeza kijiko."

Akaongeza. Ukapita palepale.

"Labda hufanya kazi kesho yake," alisema mwingine.

"Kila mtu na tumbo lake," alisema wa tatu, akasogeza bakuli. Wakapanga mstari. Wakaula mtindi wote, wakaikwangua ndoo, wakamshukuru kila mmoja kwa zamu, wakamwombea mikono yake isichoke. Besna alikuwa anagawa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wale wote walikuwa na macho, na walikuwa wametazama.

"Mirza," alisema, "chukua begi lako."

"Nimalize robota hili."

"Chukua begi."

"Nikashike nini huko? Nile theluji?"

Kabla hajajibu, Bwana Hikmet akashuka ngazi kutoka ofisini kwake, na nyuma yake mtu mwenye mkoba wa ngozi. Alikuwa mkaguzi wa afya za wafanyakazi. Huja mara moja kwa mwaka. Usoni alikuwa amevaa barakoa ya mpira yenye makopo mawili mashavuni, amefanana na nzi mkubwa.

Bwana Hikmet alikuwa mtu mpole. Alimwona mwanamke, akaweka mkono kifuani. "Karibu, dada yangu. Umewaletea vijana chakula cha nyumbani? Mungu akuzidishie."

Besna hakuwa mtu wa kusema na wakubwa. Alimshika Fesih mkono, akamleta mbele ya mkaguzi, yeye mwenyewe akampandishia fulana, jambo ambalo kijijini lingezungumzwa mwaka mzima.

"Tazama," alisema. "Nimemlisha sasa hivi. Mtindi umepita huku. Mchanga uko huku. Havikukutana."

Mkaguzi akatoa tochi. Alikimulika kifua cha Fesih, juu, chini, kando. Hakuwa na haraka. Hata akaomba kijiko, na kwa kuwa mtindi wa Besna ulikuwa umekwisha, wakaleta bakuli la ule wa kiwandani. Ule nao ukapita njia ileile.

"Ninaona, dada," alisema ndani ya mpira. "Ninaona vizuri sana."

"Basi?"

"Basi kanuni inasema mtindi utolewe. Mimi nakagua kama unatolewa. Unakopita baada ya hapo si idara yangu."

"Fungueni madirisha hayo basi."

Bwana Hikmet alisikitika kweli. "Dada yangu, nikifungua, vumbi litapanda kwa majirani. Juu kuna watoto wadogo."

"Na hiyo aliyovaa huyu bwana? Hakuna nyingine?"

Mkaguzi akaigusa barakoa yake kana kwamba alikuwa ameisahau. "Hii ya ofisi," alisema.

Alizunguka chumba mara moja, akakigonga kifua cha Fesih kwa ukucha, polepole, kikalia. Akashauri kwamba, kwa kuwa mtindi unaonekana kupungukiwa nguvu njiani, kuanzia sasa yatolewe mabakuli mawili. Bwana Hikmet alikubali palepale bila kunung'unika. Wanaume wakashukuru. Mmoja akapiga makofi.

Besna alibaki ameshika ndoo tupu. Hofu aliyokuja nayo ilikuwa hofu ya mtu asiyejua. Sasa alikuwa na ile nyingine.

Fesih ndiye aliyemaliza maneno. Alishusha fulana, akamgeukia Mirza.

"Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi nikipanda basi nitavunjika kabla ya Ankara. Wewe bado unaweza kulala kifudifudi, mpumbavu wewe. Nenda ukalale."

Mirza akachukua begi. Bwana Hikmet alisema hamzuii mtu, mlango uko wazi. Ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ajili ya vumbi, akaufungua mwenyewe. Walipofika barabarani, kompresa ilikuwa imeshawashwa.

*

Kituoni mkata tiketi aliuliza kama yule abiria amefunguka.

"Kidogo," alisema Besna.

"Viti vya katikati, basi, mbali na magurudumu. Kampuni haihusiki na nyufa."

Besna alimviringisha mumewe kwa blanketi, akaweka ndoo tupu mbele ya kifua chake kama ngao. Kila shimo la barabara alilisikia kwa meno. Likija shimo alishika pumzi, likipita aliuliza, "Uko salama?" na Mirza akasema, "Niko salama," mpaka utingo akasema wote wawili watamtia wazimu. Karibu na Sivas Mirza alisinzia. Besna akabandua plasta kidogo, akatazama. Kitufe kilikuwa kitufe. Akapumua.

Nyumbani hewa ilikuwa safi, yenye kukata kama kisu. Mirza alichunga, alipasua kuni, aliacha hata sigara. Mtoto alikatazwa kumrukia. Kila alfajiri kabla ya kukama Besna alifungua shati la mumewe, na kila alfajiri alirudisha plasta. Kisha plasta moja haikutosha. Akabandika mbili. Majani yalipoota, kitufe kilikuwa kisahani.

"Lakini nimeondoka," Mirza alisema. "Kule sipo tena. Kinakua kwa nini?"

Walishuka kwa daktari mjini. Alimtazama Mirza dirishani mwake, akatingisha kichwa, akasema ni kifua kikuu. Besna akamwonyesha mchanga. Daktari akasema anauona, lakini dawa alizo nazo ni za kifua kikuu. Mirza alimeza vidonge pale pale kwa maji. Vilionekana vikishuka, kimoja kimoja, kwa ile njia ya nyuma.

Mchanga ukishaingia hauhitaji kiwanda tena. Besna alikuja kulielewa hilo taratibu, kama mtu anavyoelewa kwamba mvua haitakoma. Alimshonea mumewe pazia la kitambaa cha maua, lenye kamba shingoni, ili mtoto asihesabu chembe za mchanga. Jioni alimlaza chali, akaweka mito kila upande, akakaa karibu akisikiliza. Akikohoa, *ting*. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuonekana akiogopa hata mbwamwitu, aliweka vijiko vyote vya nyumba ndani ya gunia, akavifukia nyuma ya zizi. Haikusaidia kitu, maana sauti haikuwa ya vijiko.

Fesih hakufika mwisho wa mwaka ule. Alikuwa anapuliza suruali, bomba mkononi, mchanga ukamfika mitulingani, akakaa chini juu ya robota. Wenzake walimleta nyumbani wamemzungushia jinzi zilizokataliwa ili asivunjike njiani, akazikwa bila ufa hata mmoja. Mkaguzi alipandishwa cheo. Yale mabakuli mawili yalisifiwa. Mkwe wa yule mama wa mbegu za alizeti alipasuka kwenye ngazi ya msikiti siku ya barafu. Mama mwenyewe bado husafiri. Serikali ilikuja kuipiga marufuku kazi ya kupuliza kwa mchanga, na Bwana Hikmet, mtu mpole, akahamishia kompresa zake nchi nyingine yenye joto, ambako watu hawana desturi ya mtindi, kwa hiyo huwapa maziwa. Walioondoka hawakuona kompresa tena, na wameendelea kufunguka. Jinzi huuzwa.

Mirza alikufa majira ya kukama, adhuhuri, Besna akiwa zizini. Alipoingia alifunua pazia, akaona kwamba kilichokuwa kinapanda na kushuka kimetulia. Kaburini kwake, na kwa Remo, na kwa Fesih, theluji huyeyuka kabla ya penginepo, na jua likipiga hung'aa kidogo. Wachungaji hupitisha kondoo kando.

Vijiji vile havikorogi chai hadi leo. Lakini mtu akipita jioni ya baridi, milango imefungwa, husikia *ting* nyumba hii, *ting* nyumba ile.

Besna bado anagandisha mtindi. Ndio mzito kuliko wote upande ule, na kazi nyingine za vumbi hazikosekani Istanbul, za mawe, za rangi, za vyungu, kwa hiyo wake za watu huja na ndoo zao kabla ya kupanda basi. Huwaambia alichokiona. Huwaeleza njia ya mbele, ya vumbi, na njia ya nyuma, ya mtindi, huwaonyesha kwa kidole kwenye vifua vyao wenyewe. Wao husikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, hutingisha kichwa, humpa pole.

"Tumesikia, dada," husema. "Jaza."

Besna hujaza. Na mfuniko huufunga kwa kamba mara mbili, maana ule wa kwanza ulivuja.